Kimya cha Barazani Kisiba

Kisiba, 13 Machi 2023

Kaka Andongwisye,

"Ibada isiyo na wimbo, isiyo na mhubiri na isiyo na kapu la sadaka si ibada, ni watu waliokaa barazani wakisubiri mvua ikatike."

Hayo ni maneno yako, uliyonitumia kwa simu Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, wakati wa kazi ya serikali. Nimeyanakili kwa kalamu ili usije ukayakana. Nilikuwa nimeanza kuyajibu hapo hapo, lakini Juba, mama yetu, amekaa karibu yangu anachambua maharage, anasema barua ya mtu kwa kaka yake haianzi kwa ugomvi. Basi ugonile, hujambo, Kaka. Habari za Morogoro na joto lake? Wifi Winfrida hajambo? Neema je? Juba anakusalimu. Goti lake linamsumbua ukungu ukishuka, lakini ulimi ni mzima. Migomba ya nyuma ya nyumba imeangushwa na upepo, minne. Chai tunachuma. Ninakuandikia karatasi na kuikabidhi kwenye basi kwa sababu simu haitufai: mwaka huu umenikatia mara tatu, na barua huwezi kuikata.

Sasa nakujibu.

Mvua kwanza. Umeishi nchi kavu mpaka umesahau kwenu. Rungwe mvua haikatiki, Kaka. Anayeisubiri ikatike atazeekea barazani. Kwa hiyo hoja yako imeanguka kabla haijasimama.

Wimbo. Nimeimba kwaya ya akina mama miaka ishirini na sita, sauti ya kwanza. Katika miaka hiyo yote sijawahi kumaliza ubeti bila kukagua kitenge cha aliyesimama mbele yangu. Niambie ni nani aliyekuwa akiabudu pale.

Mhubiri. Hawa Marafiki, ndio wale Waquaker ninaofundisha habari zao kwenye historia, waliopiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa, wanasema kwamba ndani ya kila mtu Mungu ameweka nuru. Ukinyamaza vya kutosha, inakuonyesha yaliyomo humo. Akiguswa mtu kusema, anasimama, anasema, anakaa. Anaweza kuwa mwalimu kama mimi, anaweza kuwa mzee Prosper.

Unajua nilivyofika huko? Nilikwenda kugombana. Justa, mmoja wa Marafiki hao, muuguzi wa kutoka Mara aliyepangiwa kazi hospitalini Makandana, alikuwa akikaa kimya peke yake kila Jumapili, na habari zikanifikia. Nikaandika hoja kumi na moja nyuma ya karatasi ya mtihani wa kidato cha tatu, nikapanda bodaboda hadi kwake. Nikasema, "Dada Justa, nimekuja tujadiliane." Akasema, "Karibu, Mwalimu. Tukae kwanza."

Tukakaa. Nikasubiri aanze. Hakuanza. Baada ya nusu saa nikasahau hoja ya nne. Baada ya saa nzima aliponipa mkono, maana wao humaliza kwa kupeana mikono, karatasi ilikuwa imelowa jasho kiganjani na sikuwa na la kusema. Mimi, Kaka! Umenifahamu miaka hamsini na moja. Ukiniambia huo si muujiza, niletee wa kwako tulinganishe.

Tangu mwezi uliopita tunakaa barazani pa Tata, marehemu baba yetu, watu watano. Sikuombi ruhusa, nakuarifu tu, kwa kuwa nyumba iko kwa jina lako.

Mdogo wako,
Agness


Morogoro, 9 Aprili 2023, Pasaka

Mdogo wangu Agness,

Bwana amefufuka. Huku ni wazima. Winfrida ana mafua, anasema ni ya feni. Mwambie Juba nimeota ndizi za nazi alizokuwa akipika, nikaamka mate yamejaa mdomoni. Migomba iliyobaki muiwekee miti ya kuiegemeza, sikukuachia shamba uliangalie tu.

Sitajibu hoja zako za mvua. Mtu akijadiliana nawe anakuwa kama anayefukuza kuku kwenye shamba la mahindi: anaharibu mwenyewe.

Nina habari kubwa. Neema amechumbiwa. Kijana anaitwa Rodrick, mwalimu, kwao ni Masukulu, watu wetu kabisa. Tumekubaliana ndoa iwe Jumamosi ya tarehe 16 Septemba, na kikao cha ukoo kikae pale nyumbani Alhamisi, siku mbili kabla, kama desturi. Kila mwenye neno moyoni juu ya nyumba hii alitoe, achukue maji mdomoni, ayapulize, yaishe, ili binti aende na baraka. Na shangazi ndiye wa kwanza. Hilo unalijua.

Sasa sikiliza. Binamu yetu Erasto ameniandikia, na nimeona aibu kusoma. Anasema Kisiba nzima inauliza kuna nini barazani pa marehemu. Watu watano wanakaa na kununa saa nzima, hawaombi, hawaimbi. Kwetu, Agness, mtu mwenye hasira ndiye anayenyamaza. Hasira isiyosemwa ndiyo inayopoza watu mwili, wakaugua, na kuwafunga mabinti vizazi. Hata wewe ulilelewa hivyo. Maneno hayo yamefika Masukulu, na bibi yake Rodrick ametamka mbele ya watu kwamba mjukuu wake haoi kwenye nyumba ambayo shangazi amekaa na kitu kifuani. Kikao kikipita nawe umefunga mdomo, wao wanarudi kwao.

Kwa hiyo nakuomba, na kama kaka nakuagiza: huo mchezo wa kimya uishe. Na siku ya kikao useme. Umesema maisha yako yote bila kuombwa. Safari hii unaombwa.

Kaka yako,
Andongwisye


Kisiba, 2 Mei 2023

Kaka,

Barua yako imefika baada ya siku kumi na tisa, imelowa, kwa sababu barabara ilikatika. Hongera kwa Neema. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi. Mwambie shangazi yake anampenda na kwamba walimu hawana uvumilivu, aangalie. Juba naye amefurahi, ametafuna habari hiyo siku nzima. Ndizi za nazi anasema uje uzile, hazitumwi kwa basi.

"Mtu mwenye hasira ndiye anayenyamaza." Hivi ndivyo ulivyoandika, na Erasto ndiye shahidi wako. Erasto! Mzee wa kanisa anayekemea mila zetu madhabahuni kila Jumapili, halafu Jumatatu anaogopa kupozwa mwili na Mama Esnath, mjane wa miaka sabini na nane, ambaye kwenye kimya chetu huanza kukoroma dakika ya kumi. Kama huko kukoroma ni kuapiza watu, basi hata paka wa Juba akamatwe.

Nikuambie wewe mwenyewe kilichotokea, maana najua Erasto atakisimulia kwa faida yake. Jumapili ya pili baada ya Pasaka tulikuwa tumekaa: mimi, Justa, Mama Esnath, mzee Prosper, na Juba pale mlangoni na maharage yake. Mzee Prosper unajua masikio yake yalivyo. Anasema hii ndiyo ibada ya kwanza katika miaka kumi ambayo hajapitwa na kitu. Kimya kilikuwa kimekaa vizuri. Mara nasikia miguu. Wanawake sita wanapanda kutoka njia ya ziwani, wa mbele amebeba bakuli la maji kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sakramenti. Erasto nyuma yao, na mwavuli.

Wakaweka bakuli katikati yetu. Mmoja akasema, "Mwalimu, ndaga, asante kwa kutupokea, hatukuja kwa ubaya. Tumekuja muyateme."

"Tuteme nini?"

"Hicho mlichonacho."

Mzee Prosper alidhani wameleta maji ya kunywa. Akainua bakuli, akanywa nusu, akashukuru.

Kaka, Justa alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini wale wanawake hawakucheka. Waliogopa kweli, na waliondoka wakitazama nyuma. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba jambo ni dogo. Harusi ya Neema iko hatarini na mimi ndiye sababu.

Na sasa lile nisilotaka kuandika. Jumapili iliyofuata nilikaa nikiwa nimejiandaa kuwatetea Marafiki wote duniani mbele ya Mungu, kwa hoja. Nilishafika ya tatu. Ndipo ukaja mtungi. Sikuuita. Mtungi wa Tata wa pombe ya ulezi, ule uliokaa nyuma ya zizi, wenye ufa mdomoni. Nikauona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Nikajaribu kuusukuma, haukusogea. Saa ilipokwisha nikampa Justa mkono, mtungi bado umesimama pale pale.

Sisemi zaidi. Wewe mtungi huo unaujua.

Agness


Morogoro, 4 Juni 2023

Mdogo wangu mpendwa Agness,

Ugonile sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Juba, na mzee Prosper, na Mama Esnath, na huyo dada Justa ambaye sina budi kumsalimu ingawa hatujaonana. Sisi hatujambo. Joto limepungua. Winfrida mafua yamemwisha, sasa anadai ni vumbi. Ofisini wametuletea pikipiki mpya za kuwatembelea wakulima, yangu ni nyekundu. Mahindi ya huku yalipata viwavijeshi lakini tumevidhibiti. Neema anapima gauni. Mimi mwenyewe kifua kilinibana kidogo, si sana. Nimekutumia kitenge kwa basi hili hili, kizuri, cha rangi unayoipenda.

Kuhusu lile suala la kikao. Nimetafakari kwa kina. Nimesoma hata vitabu. Kimya, ukikitazama vizuri, si kitu kibaya. Manabii walikaa kimya. Bwana wetu mwenyewe mbele ya liwali hakujibu neno. Kwa hiyo nisingependa uonekane unalazimishwa. Siku hiyo ukipenda unaweza kukaa tu, ukatabasamu, na Erasto atasema kwa niaba yako kwamba huna neno na mtu. Bibi wa Masukulu nitazungumza naye mimi.

Endelea na ibada zako kwa amani.

Kaka yako akupendaye,
Andongwisye


Kisiba, 18 Juni 2023

Kaka,

Hatujambo, kitenge kimefika, ni kizuri, na hakinunui kitu.

Barua yako ina mistari thelathini na minne. Nimeihesabu kama ninavyohesabu insha. Imo pikipiki, wamo viwavi, limo gauni, wamo manabii. Mtungi haumo. Mwezi wa nne kimya kilikuwa mchezo na aibu. Mwezi wa sita kimekuwa cha manabii. Sijapata kuona mtu akiongoka kwa kasi hii, na mimi ni mtu niliyeongoka kwa saa moja.

Kwa hiyo nauandika mimi.

Mwaka 1989 Tata alitengwa meza ya Bwana kwa sababu ya pombe iliyokutwa nyuma ya zizi. Walimsimamisha mbele ya kanisa, mzee mzima, kofia mkononi. Mtu alikuwa amekwenda kwa mchungaji kusema. Tata hakuuliza ni nani. Alinitazama mimi. Nyumba nzima ilinitazama mimi, kwa kuwa mwenye mdomo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo hakula chakula nilichopika. Mwaka 1995 nilipoolewa, kwenye kikao, alipewa maji. Akayashika mdomoni, ukumbuke, ulikuwa umekaa kulia kwake. Akayameza. Hakunipulizia. Akaninyooshea mkono tu, kama ofisa anayemuaga mgeni. Nikaenda kwa mume wangu bila maji ya baba yangu, na Tata akafa mwaka 2004 bila kuyatoa.

Sasa sikia. Ile Jumanne nilikuwa kwenye chai, juu kule. Nilikuona unapita njia ya chini kwenda kwa mchungaji. Siku ya kazi, umevaa shati jeupe la Jumapili, umechana nywele. Ulikuwa umetoka kwenye kambi ya vijana, umewaka moto wa uongofu. Nimejua miaka thelathini na minne. Nawe miaka hiyo yote umenifanya niamini kwamba hujui kwamba najua.

Unadhani nimekuandikia nikushtaki. Nilitaka, nakiri. Nilikuwa nimepanga kusimama siku ya kikao, hoja kumi na moja, mbele ya Masukulu yote. Ningekumaliza. Lakini nimekaa na mtungi ule Jumapili saba, na kimya hiki hakina adabu: hakikunionyesha dhambi yako, kilinionyesha yangu. Niliipenda ile hasira. Niliifuga kama ng'ombe wa maziwa, nikaikatia majani, nikaikamua kila siku. Nilipogombana na mwalimu mkuu, na magazeti, na wakwe, nilikuwa nakunywa maziwa yake. Na jambo moja tu sikuwahi kulifanya, mimi mwenye mdomo: sikumwambia Tata, "Si mimi." Maneno mawili. Niliona aibu kujitetea kwa baba yangu mwenyewe. Nikasema mengine yote maishani mwangu isipokuwa hayo. Nilikumbuka hilo Juba akiwa mlangoni, nikafumbua macho, nikakuta ananitazama, akainamisha uso kwenye maharage.

Basi msimamo wangu ni huu. Siku ya kikao sitakushtaki. Wala sitasema kwamba sina neno, kwa sababu Marafiki hawasemi uongo, na Erasto hatasema uongo kwa mdomo wangu. Nitakaa. Nikikaa mpaka mwisho, unajua bibi yake Rodrick atafanya nini. Nafasi ya kusema ni yako.

Agness


Morogoro, 20 Agosti 2023

Agness,

Hatujambo. Nimechelewa miezi miwili. Si barabara.

Nilijaribu hicho kitu chako. Nilitaka nikujibu kwa ushahidi kwamba ni upuuzi. Jumapili baada ya ibada nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti. Nikahesabu mbao za dari, kumi na nne. Nikatunga barua kwa mkurugenzi. Nikapanga viti vya harusi. Ndipo Winfrida akafungua, akanikuta nimekaa wima, macho wazi, sijibu. Akapiga yowe kwamba nimepooza. Wakaja majirani watano, mmoja akaanza kunikanda mguu, mwingine akaanza kuomba. Nikawaambia, "Natafakari!" Winfrida akasema, "Tangu lini?"

Nilirudia Jumapili iliyofuata, nikaandika karatasi mlangoni kwamba mimi ni mzima.

Shati halikuwa jeupe. Lilikuwa la bluu. Lile jeupe Juba alikuwa amelifua, lilikuwa kwenye kamba. Nakumbuka kwa sababu nilitaka jeupe.

Sikujua watamsimamisha mbele ya watu. Nilidhani mchungaji atakuja amwonye, basi. Nilipomwona na kofia yake mkononi nilitaka kusema, nikaona wewe umekwisha kutazamwa, nikasema kesho. Nimekuwa nikisema kesho.

Nakuomba kitu kimoja. Mimi ni mzee wa kanisa huku, na baba wa bibi harusi. Ichukue barua hii uisome wewe kwenye kikao. Una sauti nzuri.

Andongwisye


Kisiba, 28 Agosti 2023

Kaka,

La bluu. Ndaga fijo, asante sana, Kaka. Umbali ulinidanganya, nami nilikuwa tayari kuapa.

Barua siisomi. Nimeitia kwenye sanduku la Tata. Njoo na mdomo wako.

Ndizi za nazi zinakusubiri.

A.


Kisiba, 8 Oktoba 2023

Kaka Andongwisye,

Ugonile, wewe na Wifi. Maharusi walipita jana wakienda Tukuyu mjini, wamependeza, Neema anamkatiza mumewe maneno, ni damu yangu. Goti la Juba afadhali. Mvua inaendelea, kwa taarifa yako.

Umenipigia simu, na safari hii hukukata, ukaniomba niandike kikao kilivyokuwa, kwa sababu Erasto anasema Kisiba na Masukulu kwamba ndugu walitukanana na mama akazirai. Umesema utaituma nakala kwa wazee wa kanisa la hapa isomwe kwenye baraza lao. Vizuri. Kwa hiyo, wazee, karibuni, barua hii ni yenu pia, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa watu arobaini ndani ya nyumba ya marehemu. Bakuli katikati. Mwenyekiti akasema shangazi aanze. Sikusimama. Akasema tena. Bibi yake Rodrick akajifunga kitenge upya, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Neema aliniangalia, na ninakiri kwamba kama angelia ningevunja msimamo wangu hapo hapo. Hakulia.

Ndipo kaka yangu akainuka. Kwa woga akaanza mwisho: akachota maji akajaza mdomo kwanza, halafu akataka kuzungumza. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka, watu arobaini wanasubiri. Hana pa kwenda. Akayameza. Mzee Prosper akasema kwa sauti, "Na yeye alikuwa na kiu." Kicheko kikapita, hata yule bibi, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfungua. Akasema, "Mwaka themanini na tisa aliyekwenda kwa mchungaji ni mimi. Dada yangu amebeba, nami nimemwacha abebe." Akalisimulia lote, na shati. Akachota tena, akapuliza, na mimi nikasimama nikasema habari ya yule ng'ombe niliyemfuga, nikapuliza. Nikasema pia yale maneno mawili niliyomnyima Tata, nikayaelekeza dirishani, kwenye migomba alikolala.

Halafu ikaja ile ambayo hakuna aliyeipanga. Watu arobaini wa Rungwe, Wamoravian, Walutheri, wapagani wawili na walevi wasiohesabika, walinyamaza. Hakuna aliyetangaza. Kilikaa kimya kirefu, na hakuna aliyepozwa mwili.

Juba akainuka humo, polepole, ameshika ukuta. Akamwuliza kaka yangu, "Ulikwenda siku gani, mwanangu?"

"Jumanne, Juba."

"Mimi nilikwenda Jumatatu."

Wazee, hakuna aliyezirai. Kaka yangu alikaa chini ghafla, na kiti hakikuwapo. Erasto ameona kweli mtu anaanguka, amekosea mtu tu. Juba alisema mumewe alikuwa amehamia nyuma ya zizi, chai imezeeka mitini, naye alichoka. Akaenda kwa mchungaji. Alipoona tumeanza kutazamana vibaya, alingoja tumalize. "Mkaendelea," alisema. "Nikaogopa. Mwishowe nikazoea kuogopa. Nimekaa mlangoni pa hawa watu wa Justa tangu mwezi wa pili, nachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa."

Akachota maji. Akanijia. Akanipulizia usoni, mengi, mpaka nguoni. Akasema, "Hii ni yangu." Akarudi kwenye bakuli, akachota tena, akapuliza tena. "Na hii ni ya baba yako. Alinituma kabla hajafa, nami nikaikalia. Alishaambiwa kwamba si wewe. Nilimwambia mimi."

Nilikuwa nimelowa kama niliyetoka ziwani. Bibi yake Rodrick akasema, "Basi. Binti tunamchukua." Tukapeana mikono wote, na Justa akaninong'oneza kwamba hata kwao Mara hajapata kuona mkutano uliomalizika vizuri namna ile.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa nyie, wazee wa kanisa letu la Kisiba, mlioandika kwenye daftari lenu kwamba kimya cha barazani ni hasira inayotunzwa. Hasira ilitunzwa, ni kweli, miaka thelathini na minne, na muda wote huo nyumba hii iliimba, ikahubiri na ikatoa sadaka bila kukosa Jumapili hata moja. Kimya ndicho kilichoifukua. Ufuteni mstari huo, kwa wino, na anayeshika daftari atie sahihi.

Jumapili ijayo, saa tisa mchana, njooni mkae. Bakuli msilete, tunalo. Na wewe, Erasto, uliyeshika mwavuli nje na ndani: siku ya kikao nilikuona. Waliokuwa na neno walipuliza, wewe ulikaa kwenye kona umeuma meno, maji yakakupita. Kile ulichonacho, njoo nacho. Kiti chako nimekiweka kando ya mzee Prosper, mahali ambapo, ukiamua kusema, hata usiposikika, utakuwa umesema.

Agness